Kuna Mwenye Haraka?

Mashua iliondoka gatini Mtwapa saa tatu na nusu asubuhi ya Jumapili, ndani yake watu watano na chungu kimoja cha majivu. Mukai aliketi nyuma. Kwa mkono wa kulia alimshikia mwavuli Biji, mama wa bosi wake, kwa wa kushoto aliukumbatia mfuko wake wa kitambaa, na kila walipokata kona alitupia jicho saa ya Nahodha Shee, kwa kuwa saa yake mwenyewe aliisahau juu ya friji kule Kileleshwa.

Treni ya kurudi Nairobi ilikuwa ya saa tisa alasiri. Tikiti zilikuwa kwenye simu ya bosi wake, Harjit. Kabla ya saa nne usiku Mukai angekuwa kitandani kwake, na Jumatatu saa moja na nusu asubuhi angekuwa amesimama mbele ya lango la shule moja huko Dagoretti, kalamu mbili mkononi, tayari kufanya mtihani wa kidato cha nne. Alikuwa na miaka arobaini na saba. Ukikosa karatasi moja, Mwalimu Mwangangi alikuwa amewaambia, mtihani wote umekwenda na maji, ungoje mwaka mwingine.

Hakuna mtu ndani ya mashua ile aliyejua habari za mtihani.

Kwa waajiri wake Mukai alikuwa mama wa maombi. Alipokuja kutafuta kazi kwao, miaka miwili nyuma, alikuwa ametoka kufukuzwa na mwajiri mwingine kwa kosa la kuomba ruhusa ya kwenda shule ya jioni. "Ukishajua kusoma utaanza kunisomea mimi," mama yule alimwambia, na kesho yake akaleta mtu mwingine. Kwa hiyo Gurleen, mke wa Harjit, ambaye Mukai alimwita Mama Ishan kwa jina la mwanawe aliyekuwa akisoma Kanada, alipomuuliza kama ana neno lolote kabla ya kuanza kazi, Mukai alisema yeye ni mtu wa maombi, na kila Jumanne na Alhamisi jioni kanisa lao la mtaa wa Jamhuri hukutana. Nusu yake ilikuwa kweli. Kanisa lilikuwapo, watu walikutana katika ukumbi wake, na Mwalimu Mwangangi hakuanza somo kabla ya kuomba. Ila maombi yalichukua dakika mbili. Saa mbili na nusu zilizobaki zilikuwa za hesabu, Kiingereza na historia.

Kila usiku alipiga magoti kando ya kitanda chake chembamba, akawaombea watu wa nyumba ile mmoja mmoja kwa majina, na mwisho akasema: Bwana, nisamehe ule uongo, mwezi ujao nitasema. Na mwezi ujao ulipofika, Mukai aliusukuma mbele tena.

Jumatatu iliyopita Mzee, baba yake Harjit, alifariki. Jumatano mwili wake ulichomwa kwa heshima zote za dini yao ya Makalasinga. Biji, mjane wake, mwenye miaka themanini na mmoja, akasema majivu ya mume wake hayatamwagwa kwenye mto wa Nairobi ule uliojaa mifuko ya plastiki. Yatapelekwa kwenye maji yanayokwenda baharini. Mukai alijaribu kujitoa.

"Mama Ishan, mimi si nibaki nilinde nyumba?"

"Nyumba iko na askari," Gurleen alimjibu bila kuinua macho kwenye sanduku alilokuwa akilipanga. "Biji hataki mtu mwingine amvalishe viatu. Na wewe ni mtu wa Mungu, Mukai. Tunakuhitaji."

Ndipo alipokunja madaftari matatu, akayatia kwenye mfuko wa kitambaa chini ya Biblia, akapanda treni ya Jumamosi pamoja nao.

Mkono ule wa bahari ulianza mpana kama uwanja, wenye nyumba nzuri kando na mashua za watalii, kisha ukawa unajikunja na kujikaza. Mikoko ilikaribia kutoka pande zote mbili. Mizizi yake ilisimama ndani ya maji kama vyuma vya dirisha. Baada ya saa nzima Mukai aligeuka nyuma kutafuta walikotoka, asione kitu ila majani. Hakuwahi kupanda mashua maishani mwake. Kwao Kitui maji ni kitu unachokifuata kwa punda.

"Hapa ndipo mwisho," alisema Nahodha Shee, mwanamume mfupi aliyevaa kofia iliyofumwa kwa mkono. Alizima injini. "Huku juu hakuna kina. Maji yamejaa sasa hivi, karibu yataanza kutoka. Saa sita kamili natakiwa niwe nimepita ule mlango wa mikoko, mabosi. Mkichelewa, tutageuka kaa wa matopeni."

"Hakuna shida," Harjit alisema, akirekebisha kilemba chake. "Ni kitu ya dakika kumi."

Walijifunika vichwa. Harjit alisoma sala yao kwa sauti ya chini, na Mukai, ambaye hakuelewa neno hata moja, aliinamisha kichwa akasema amina yake moyoni, maana Mzee alikuwa amempenda. Kisha Biji akachukua ua moja la manjano kutoka kwenye bakuli na kulirusha majini. Wote walilitazama. Ua lilizunguka mahali pamoja, likasogea kidogo kuelekea bara, likatulia.

"Bado," Biji alisema. "Maji nalala."

"Biji, yameshageuka," Harjit alimsihi.

"Mimi naona kwa macho yangu. Ua narudi nyuma. Mzee hapana rudi nyuma. Yeye nakwenda bahari."

Wakangoja. Kila baada ya dakika kadhaa Biji alirusha ua, nalo likazunguka hapo hapo kama mtu aliyepotelewa na kitu. Saa tano ikapita, saa tano na robo. Mukai alihesabu kimyakimya: saa moja na zaidi kurudi gatini, saa moja hadi kituo cha treni, foleni ya ukaguzi wa mizigo. Jasho lilimtiririka mgongoni. Nahodha Shee naye alikuwa akitazama alama ya maji kwenye mizizi, na hatimaye akavua kofia yake.

"Jamani, niulize mapema, nisije nikalaumiwa. Kuna mwenye haraka? Kama kuna mwenye haraka aseme, tumwage hapa tuondoke. Huyu mama mkubwa mimi simwezi."

Harjit alimtazama mkewe. Gurleen alimtazama Biji. Hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kumharakisha mjane kwenye majivu ya mumewe. Mukai alifungua mdomo. Neno lilifika hadi kwenye meno. Lakini angesema ana haraka ya nini? Ya maombi? Akaufunga.

"Hakuna," Harjit alisema.

Saa tano na dakika arobaini ua lilikwenda. Liliondoka taratibu, likapata mwendo, likapita kando ya mashua na kupotea kwenye kona. Biji alilia kidogo, akacheka kidogo, akamimina majivu ya mume wake kwa mikono yake mwenyewe hadi chungu kikawa kitupu. Baadaye alitaka waketi naye kidogo. Kwao, alisema, mtu hamwachi msafiri mlangoni na kukimbia. Wakanywa chai ya maziwa kutoka kwenye chupa, wakala chapati za viazi alizozipika Mukai katika jiko la nyumba waliyopanga. Nahodha Shee alikataa chapati. Alikuwa amesimama mbele ya mashua na mti mrefu mkononi, akipima kina, na uso wake ulizidi kukunjamana.

Injini iliwaka saa sita na dakika ishirini. Walikwenda labda mwendo wa mita mia mbili. Kisha kitu kikanung'unika chini yao, mashua ikatikisika, maji ya nyuma yakageuka rangi ya kahawa, na injini ikapiga ukelele na kuzima.

Nahodha Shee alijaribu kurudi nyuma. Alijaribu kusukuma kwa mti, Harjit akavua viatu akasukuma pamoja naye. Mashua ilikaa kwenye tope kama kuku aliyeatamia.

"Basi," nahodha alisema, akaketi.

"Basi nini?" Gurleen aliuliza.

"Basi tungoje maji yarudi, mama."

"Yanarudi saa ngapi?"

"Ya kutuinua sisi? Saa mbili na nusu usiku, Mungu akipenda."

Gurleen alicheka kwa hasira. Harjit alitoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni. "Sawa," alisema. "Treni imeenda. Tutalala hapa, tupande ya kesho mchana. Hakuna kitu tunakimbilia."

Mukai alihisi kama mtu amemwekea gunia kifuani. Alitazama kulia, mikoko. Kushoto, mikoko. Maji yalikuwa yakiondoka kwa haraka ya kutisha, yakiacha tope jeusi linalong'aa, lenye vishimo elfu, na kutoka kila kishimo kaa mdogo mwekundu alitoka, akapunga gando lake moja kubwa, akarudi ndani. Hata kaa alikuwa na mlango wake.

"Nahodha," alisema polepole, "mtu akishuka hapa atembee?"

"Aende wapi, mama? Hilo tope litakumeza mpaka kiunoni. Nimeona ng'ombe akifia humo."

Saa saba. Saa nane. Jua lilikaa juu yao kama sufuria iliyofunikwa. Mwavuli ulikuwa mmoja, nao ulikuwa wa Biji, na mkono wa Mukai ulikufa ganzi akiushika. Mbu wakaamka. Mashua ililala upande kidogo, ikawa kila mmoja lazima ajishikilie asimtelezee mwenzake. Saa tisa kamili Mukai aliona kwa macho ya moyo treni ikiondoka, behewa kwa behewa, na kiti chake kitupu karibu na dirisha. Bwana, aliomba, fungua njia. Ulimfungulia Petro mlango wa chuma gerezani. Mimi sitaki malaika, nataka njia tu. Na kila alipofika hapo sala ilimrudia, kama lile ua la asubuhi.

"Mukai." Gurleen alikuwa amejifuta uso kwa shali yake, wanja umemchuruzika. "Mbona umenyamaza? Wewe ndiye mwombaji wetu. Omba basi kwa sauti, sote tusikie. Pengine Mungu atasukuma hii mashua."

"Ndiyo," Biji alisema, akimpapasa goti. "Wewe omba. Mungu yako nasikia wewe sana. Kila Jumanne, kila Alhamisi, nasikia."

Wote wakainamisha vichwa. Hata Nahodha Shee alivua kofia yake na kuipakata. Mukai alifumba macho, akasema, "Baba yetu uliye mbinguni," na sauti ikakatika. Akajaribu tena. "Baba yetu." Kaa walikuwa wakitekenya tope kila upande, hakukuwa na mlio mwingine dunia nzima.

"Siwezi," alisema, akafumbua macho. "Mama Ishan, siwezi kuomba kabla sijasema. Mimi huwa siendi maombi. Jumanne na Alhamisi naenda shule. Shule ya jioni, pale ukumbi wa kanisa. Kesho saa mbili asubuhi naanza mtihani wa fomu foo."

Kisha Harjit akauliza, kama mtu ambaye hakusikia vizuri, "Fomu foo? Wewe?"

"Mimi, bosi."

"Miaka miwili?" Gurleen alisema.

"Miwili, Mama Ishan."

"Ile Alhamisi Mzee alianguka bafuni." Gurleen alikuwa anazungumza taratibu sasa, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Nilikupigia simu mara sita. Ulikuja saa tatu usiku. Mimi nikamwambia daktari, afadhali Mukai yuko maombi, anatuombea. Nilimwambia hivyo. Ulikuwa unafanya nini?"

Mukai aliijua siku ile. Alikuwa amekwisha kuitubia mara mia. "Nilikuwa hesabu," alisema.

"Hesabu!"

"Simu nilikuwa nimezima. Mwalimu anataka tuzime."

"Na leo asubuhi!" Gurleen alimgeukia nahodha, kisha mumewe, kana kwamba walikuwa mahakamani. "Huyu mtu aliuliza. Aliuliza kuna mwenye haraka! Ungesema neno moja tungekuwa kwenye treni saa hii, Biji amelala kitini. Tumekwama kwa sababu wewe ulifunga mdomo!"

"Na mimi pia nilifunga," Harjit alisema kwa sauti ndogo, lakini mkewe hakumsikia, au hakutaka.

Mukai alikuwa amedhani ukweli ukitoka utamwachia kifua wazi. Haukumwachia. Tope lilikuwa pale pale, na sasa hata ndani ya mashua hapakuwa na mahali pa kuweka macho.

Nahodha Shee alikohoa. "Mimi ni mgeni wa maneno yenu," alisema, "ila nilishampigia binamu yangu mmoja anayetega kaa hapo ng'ambo. Ana mtumbwi. Kuna kijifereji kimebaki kule, hatua kama ishirini. Nilimwita kwa ajili ya huyu mama mkubwa, atoke juani. Mtumbwi unabeba mmoja tu na mwenyewe."

Binamu alifika saa kumi, mrefu, mkimya, amesimama ndani ya mtumbwi mwembamba kama ganda la muhogo. Mtumbwi ulikoma kwenye kijifereji. Baina yake na mashua palikuwa na tope.

"Biji, twende," Gurleen alisema. "Harjit atakubeba."

Biji alilitazama tope, akatazama magoti yake mwenyewe, akatazama kona ambako maua yalipotelea.

"Mimi nakaa," alisema. "Miaka sitini na moja mimi nangoja Mzee kila jioni. Leo moja zaidi ni nini? Yeye kwenda." Alimnyoshea Mukai kidole.

"Biji, huyu alitudanganya!"

"Ndiyo. Mbaya sana. Mimi iko kasirika." Akamgeukia Mukai na macho yake mazito. "Mimi baba yangu natoa shule darasa la nne, nasema msichana tosha. Mimi nalia wiki moja. Wewe nadanganya mimi sababu ya mtihani, basi wewe nakwenda fanya mtihani. Ukianguka mtihani, basi mimi nafukuza wewe mimi mwenyewe."

Harjit na mkewe walizozana kwa Kipunjabi, maneno mafupi makali, hadi Harjit akainua mkono. "Nenda," alimwambia Mukai bila kumtazama. "Lakini hii maneno haijaisha."

Mukai alimkabidhi Gurleen mwavuli. Gurleen aliupokea, akageuza uso.

Alifunga sketi juu ya magoti, akautia mfuko kichwani, akashuka. Hatua ya kwanza tope lilimfika kwenye mashavu ya miguu. Ya tatu lilimfika mapajani, likamshika. Alivuta mguu, mguu haukuja. Alivuta tena, na ule mwingine ukazama zaidi. Harufu ya mayai viza ilimpanda puani. Alitazama mbele, mtumbwi ulikuwa mbali kama Nairobi. Alitazama nyuma, na mashuani watu wanne walikuwa wakimtazama. Aliwaza, hapa ndipo. Sirudi, sifiki.

"Usipigane nalo!" Nahodha Shee alipaza sauti. "Lala! Lala kifudifudi, mama, utambae! Shika ubao huu!"

Ubao wa kukalia ulitua kando yake. Mukai, mwenye miaka arobaini na saba, mama wa watoto watatu na mzee wa kanisa upande wa wanawake, alilala kifudifudi kwenye tope. Viatu vilibaki chini. Alitambaa akisukuma ubao na mfuko mbele yake, akisema kwa kila sukumo jina moja tu, Yesu, Yesu, hadi mkono wa binamu ukamshika kwapani na kumwingiza mtumbwini kama samaki. Nyuma yake alimsikia Biji akipiga makofi.

Binamu alimshusha ng'ambo, pikipiki ikamfikisha Mtwapa, na huko alioga kwa ndoo nyuma ya kibanda cha mama mmoja wa samaki, akanunua ndara na leso ya kujifunga, akapanda basi la saa kumi na mbili na nusu. Alisoma hadi taa za ndani zilipozimwa, kisha akarudia tarehe za historia kwa midomo bila sauti. Kufika Mariakani basi lilisimama saa moja na nusu nyuma ya malori, na hapo aliomba tena; safari hii hakukuwa na lile jambo la kuahirisha hadi mwezi ujao, na sala ilikuwa fupi kuliko alivyozoea, hata hakujua aijazie nini.

Aliteremka mjini Nairobi saa kumi na moja alfajiri. Saa moja na dakika ishirini alikuwa mbele ya lango huko Dagoretti, na Mwalimu Mwangangi, aliyekuwa akihesabu watu wake kama mchungaji, alimtazama kuanzia ndara hadi tope lililokauka nyuma ya sikio. Alimwonyesha tu chumba.

Karatasi ya kwanza haikuwa rahisi, lakini alijaza kurasa zote. Adhuhuri alikwenda chini ya ukuta, akawasha simu. Ujumbe ulikuwa mmoja, wa Gurleen.

"Tulitoka saa tatu usiku. Biji ako sawa lakini amekataa kula. Anasema atakula ukirudi. Mimi na wewe tutaongea."

Mukai aliusoma mara tatu. Aliwaona: Biji amekaza midomo mbele ya sahani, Gurleen amesimama na kijiko, na swali lile la bafuni likimngoja mlangoni Kileleshwa. Kwa miaka miwili simu ya namna hiyo ilimwinua popote alipo. Hata sasa vidole vilikuwa vimeanza kuandika, nakuja.

Kengele ililia. Karatasi ya pili ilikuwa ya saa nane, na ingeisha saa kumi na nusu. Njaa ya Biji ingengoja hadi hapo, na Mama Ishan pia. Alifuta yale maneno, akaandika, "Nitakuja saa kumi na moja, nitaongea," akatuma, akazima simu, na kuingia ndani kabla hawajafunga mlango.